Sherehe Mbili, Boti Moja

Mume wa Mama Pacha alizaliwa bila neno "hapana" kinywani. Ukimwomba bisibisi, atakupa hata ile aliyoishika akiitumia. Ukimpelekea mashine ya boti iliyolala chini ya maji wiki nzima, ukamwuliza kama bado ina tumaini, atakwambia "hakuna shida," na mara nyingi kweli ataifufua. Watu wa gatini wakambandika jina la Hakuna Shida, naye akalipokea kwa furaha kama mtu aliyepandishwa cheo.

Lakini shida haziondoki kwa kukanwa. Zile ambazo mume alisema hazipo zilikuwa zikizunguka nyuma ya nyumba na kumpigia hodi mkewe.

Jumamosi moja asubuhi Mama Pacha alikuwa ndani ya boti yao, amepiga magoti, anafuta umande kwenye mito ya viti, alipoona wanawake wanne wakishuka gatini kwa vishindo. Walivaa magauni ya sare, rangi ya chungwa, na kofia pana zilizokuwa zikipigana vikumbo kila walipogeuziana vichwa kucheka. Kila mmoja alibeba kikapu chake. Aliyetangulia, mfupi na mchangamfu, alianza kupunga mkono kutoka mbali.

"Nahodha! Tumefika! Boti yetu ndiyo hii?"

"Karibuni, ndiyo hii," akajibu Mama Pacha, ingawa moyoni alishangaa, maana siku hiyo alikuwa amejiandaa kupokea watu wawili tu.

Hajafunga mdomo vizuri, kutoka upande wa pili, kwenye ngazi za hoteli, wakatokea kijana na msichana wameshikana mikono. Harusi ilikuwa bado inawanukia. Bwana harusi alivaa miwani ya jua na shati jeupe ambalo mikunjo ya dukani haijalitoka.

"Shikamoo mama," akasema bibi harusi. "Sisi ndio wa safari ya kisiwani. Ile ya faragha."

"Ya nini?" akauliza yule mama mfupi.

"Ya faragha. Yaani boti nzima, sisi wawili tu."

"Ah! Hata sisi tuliambiwa boti nzima. Sisi wanne tu."

Watu sita wakamgeukia Mama Pacha. Mama Pacha naye akageuka polepole kuelekea kwenye kibanda chao mwanzoni mwa gati. Mlangoni alisimama Hakuna Shida na kikombe cha chai. Kikombe kilikuwa kimekwama hewani, nusu ya safari ya kwenda mdomoni.

"Baba Pacha," akaita kwa sauti ndogo. "Njoo nikuone."

Sauti ile ndogo Hakuna Shida aliijua. Mkewe alipopiga kelele, mambo yalikuwa salama. Alipopunguza sauti, ndipo mtu alipaswa kutafuta kofia yake aondoke. Akaja akiburuta ndala.

"Sikiliza, mama watoto..."

"Nasikiliza."

"Hawa vijana walikuja katikati ya wiki. Wametoka kuoana juzi juzi tu, wana nyuso zimejaa matumaini. Ungewaambia nini? Halafu jana hawa akina mama wakapiga simu. Dada yao anatimiza miaka sabini. Sabini! Mtu wa miaka sabini unamwambiaje aje kesho?"

"Kwa mdomo."

"Eti?"

"Unafungua mdomo, unasema: njoo kesho."

Hakuna Shida akafikiri kidogo. "Hilo," akasema kwa unyofu kabisa, "halikunijia."

Ukitaka kumwelewa Mama Pacha, ujue kwamba bahari haikuwa kazi aliyoiomba. Alikuwa fundi cherehani. Wanawe pacha walipokuwa wadogo alishona nguo za watu. Walipokua wakaenda kusomea mbali, akahamia kwenye kushona maturubai ya boti na mito ya viti, katika chumba cha nyuma ya kituo cha mafuta ya boti, ambako uzi wenyewe ulinuka petroli. Mumewe alikuwa fundi wa mashine. Mmoja alivalisha boti, mwingine alizitia roho, na wala hakuna kati yao aliyekuwa na boti.

Kisha hoteli moja ikaamua kutupa boti yake kuukuu. Hakuna Shida alikuwa ameifanyia hoteli hiyo kazi nyingi, wakakubaliana aichukue. Kwa miezi kadhaa aliikwangua, akaiziba nyufa, akaipaka rangi ya samawati, akaipachika mashine aliyoiunda kwa viungo vya mashine tatu zilizokufa. Alijinunulia na kofia ya unahodha. Siku ya majaribio mkewe alipanda tu ili aone kama turubai alilolishona litahimili upepo.

Hawajafika hata kwenye boya la mwisho, Hakuna Shida alikuwa ameinamia ubavu wa boti, anaikabidhi bahari kila alichokula asubuhi na pengine na cha jana. Kumbe mtu yule aliyeshinda maisha yake yote na mashine za boti alizijaribia ndani ya pipa la maji, nchi kavu. Boti ikaanza kuzunguka kama kuku aliyelewa. Mama Pacha akaacha turubai, akashika usukani. Na alipoushika, alisikia kitu alichokijua: mtetemo ule ule wa cherehani, kupunguza kwenye kona, kunyoosha kwenye mstari. Akairudisha gatini bila kuikwaruza. Mumewe alishuka rangi ikiwa imemtoka, akaivua mwenyewe kofia yake na kumvisha mkewe.

Mtihani wa leseni alikwenda kuufanya akiwa na pini za cherehani bado zimechomekwa kwenye ukosi. Mtahini akamwuliza, "Ukipotelea kwenye ukungu utafanya nini?" Akajibu, "Kwanza nitamlaumu mume wangu. Halafu nitazima mashine nisikilize mawimbi yanavunjikia wapi." Mtahini alicheka mpaka akamwaga wino wa mhuri. Tangu hapo watu walizoea kuuliza "Nahodha yuko wapi?" naye akazoea kujibu "Unaongea naye," na wageni wengi wakawa wamefika visiwani na kurudi, na hakuna aliyelowa ila aliyetaka.

Basi asubuhi ile aliwatazama wateja wake sita, akatazama maji yaliyokuwa yakikupwa, akapiga hesabu zake.

"Jamani, kosa ni letu, nawaomba radhi," akasema. "Lakini bahari ni kubwa. Kuna kisiwa chenye miti, maji yake yametulia kama ya beseni. Hicho kinawafaa akina mama na vikapu vyao. Na kabla ya kufika huko, kuna fungu la mchanga. Maji yakikupwa linatokeza, jeupe pee, halina mtu wala mti. Naweza kuwashusha maharusi pale, niwape kila kitu, niwafuate jua likiwa utosini. Faragha zaidi ya hiyo mtaipata mwezini."

Bwana harusi akavua miwani. "Hapo kwenye fungu hakuna watu kabisa?"

"Hata ndege wakitaka kutua huulizana kwanza."

"Na maji yake? Kina chake?"

"Pembezoni, ya kufika vifundo vya miguu tu."

Kijana akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. "Tunakwenda," akasema, kabla mkewe hajaulizwa.

Wakapanda. Mama Pacha aliwavisha wote jaketi za uokozi, akazibana mikanda moja moja kama anayempima mtu koti. Wale wanawake wanne walikuwa ndugu wa tumbo moja, wametoka bara. Yule mfupi mchangamfu alikuwa Kitindamimba, na ndiye aliyesimamia kila kitu, kuanzia vikapu hadi vicheko. Mwenye sherehe, Dada Mkubwa, alikuwa mama mrefu mkimya, mwenye sauti laini iliyonyooka. Alifanya kazi ya kupokea simu hospitalini mpaka alipostaafu, na hata sasa alipokohoa ilikuwa kama anasema subiri kidogo nikuunganishe. Alikaa katikati kabisa ya boti, ameukumbatia mlingoti wa turubai, miguu ameiinua kidogo, kana kwamba bahari ingeweza kupenya sakafuni ikamgusa.

"Dada, shusha miguu, utachoka," akasema Kitindamimba.

"Iko sawa hapa ilipo."

Fungu la mchanga lilikuwa ndiyo kwanza limeanza kutokeza, jembamba kama kipande cha mwezi. Mama Pacha akawashusha maharusi, akawaachia mwavuli mkubwa, mkeka, sanduku la barafu lililojaa vinywaji na matunda, pamoja na jaketi zao. "Jua likiwa utosini," akarudia. Bibi harusi alikuwa tayari anakimbia mchangani, anapiga mayowe ya furaha. Bwana harusi alisimama palepale katikati ya fungu, mbali sawasawa na maji ya pande zote.

Kisiwani, ndugu watatu walivua magauni ya sare, wakabaki na nguo za kuogelea, wakaingia majini kwa kelele za kutisha samaki. Dada Mkubwa hakuingia. Alitandika mkeka kivulini, akapanga viatu vyao viwili viwili, akakunja magauni yao, akakaa kuwatazama. Mama Pacha alipomaliza kufunga boti, ambayo tumbo lake lilikuwa limekaa kwenye mchanga kwa maji kupungua, alimwona yule mama akinyoosha kidole kidogo kidogo. Moja, mbili, tatu. Akatulia. Kisha tena, moja, mbili, tatu.

"Unahesabu nini, dada?"

Dada Mkubwa akaona haya. "Vichwa."

"Vichwa?"

"Tulikulia karibu na ziwa. Mama alikuwa akienda kazini, ananiambia, wewe ni mkubwa, wahesabu wenzako. Basi wao waliingia majini, mimi nikasimama ukingoni nahesabu. Wakajua kuogelea wote watatu. Mimi nikajua kuhesabu."

Alilisema kama jambo la kuchekesha, wala hakumlaumu mtu. Lakini Mama Pacha, ambaye tangu asubuhi alikuwa na hotuba ya kumchambua mumewe imekaa tayari ulimini, aliisahau hotuba yote. Akapandisha suruali yake magotini.

"Twende."

"Wapi? Mimi? Nina miaka sabini."

"Ndiyo nimesikia. Ni miaka mingi ya kukaa mchangani."

"Nitazama."

"Maji yenyewe yatakufika kiunoni. Ukizama hapa itabidi ujitahidi sana."

Dada Mkubwa akatazama huku na huku kama mtu anayeogopa kukamatwa. Akasimama. Akampa mkono.

Hatua za mwanzo alizipiga kama anayepita kwenye mayai. Maji yalipofika magotini akataka kurudi. Yalipofika mapajani akaanza kuomba Mungu kwa sauti ile ile ya simu, taratibu na kwa adabu, kana kwamba anasubiri kuunganishwa. Mama Pacha akaweka kiganja chini ya mgongo wake.

"Sasa lala."

"Nilale kwenye nini?"

"Kwenye mkono wangu. Lala kama unavyolala kitandani siku ambayo huna pa kwenda."

"Siku kama hiyo sijawahi kuwa nayo."

"Basi ndiyo hii."

Akalala, shingo ngumu kama mpini wa jembe, vidole vimekunjwa. Mama Pacha akamwambia aegemeze kichwa nyuma mpaka masikio yaingie majini. Alipofanya hivyo, uso wake ukabadilika ghafla. Macho yakafunguka.

"Kumeingia ukimya," akasema kwa mshangao.

Zile kelele za wadogo zake, zile kofia, yale maagizo ya Kitindamimba, vyote vilikuwa vimezimika. Shingo ikalegea, kisha mabega, kisha vidole kimoja kimoja. Mama Pacha akapunguza mkono, akaupunguza tena, akauondoa. Dada Mkubwa hakujua. Alielea pale, gauni la chungwa limetanda majini pande zote kama ua, amefumba macho, anatabasamu peke yake.

Wadogo zake walinyamaza wote watatu kwa pamoja, jambo ambalo pengine halikuwahi kutokea. Kitindamimba akaanza kulia, huku anacheka, huku anajipangusa kwa mkono uliolowa.

Na baada ya hapo nani angemtoa? Kila alipoambiwa atoke ale keki yake, alijibu, "Bado." Akajifunza kujigeuza. Akajifunza kupiga miguu. Akameza maji, akakohoa, akacheka, akarudia. Mama Pacha naye alikuwa amelowa mpaka shingoni na hakukumbuka mara ya mwisho aliyoingia baharini kwa raha tu, bila kamba wala nanga mkononi. Walimlisha keki majini. Wakamwimbia majini. Jua lilipanda, likafika utosini, likapita, na hakuna aliyelitazama.

Kilichomshtua Mama Pacha kilikuwa kitu kidogo tu. Aligeuka kuchukua maji ya kunywa, akaona boti inayumba. Ile boti aliyoiacha imekaa tumbo kwenye mchanga sasa ilikuwa inaelea, inacheza kwenye kamba yake.

Maji yamejaa.

"Maharusi!" akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ile ile ya asubuhi, ila safari hii hapakuwa na wa kulaumiwa.

Hakuhitaji kueleza mara mbili. Wale wanawake wanne walikusanya vikapu, viatu na mikeka kwa mkupuo mmoja, wakarukia ndani ya boti wakichuruzika maji. Dada Mkubwa alijipandisha mwenyewe kwa mikono. Mama Pacha akaiwasha mashine, akaifungulia kama hajawahi kuifungulia. Turubai likapiga makofi, kofia mbili zikapeperuka zikabaki nyuma, wala hakuna aliyezililia.

Vijana walikuwa na jaketi, alijiambia. Bahari ilikuwa shwari. Lakini alijiona pia asubuhi, anawaambia jua likiwa utosini, tena kwa kurudia, na bibi harusi anaitikia kwa kuamini kabisa. Mikono yake ilikuwa imekauka kwenye usukani. Mtu anayekukabidhi roho yake halafu ukaisahau kwa sababu ulikuwa unafurahi. Hilo hata mumewe na "hakuna shida" zake zote hakuwahi kulifanya.

Kwanza waliona mwavuli. Ulisimama katikati ya maji matupu, kama umeota. Walipokaribia wakaona chini yake watu. Fungu lilikuwa limezama lote. Bibi harusi alisimama maji yakiwa katikati ya mapaja, ameshika mwavuli kwa mkono mmoja na kwa mwingine amemshika mumewe kiunoni. Bwana harusi alikuwa amepandishwa juu ya sanduku la barafu. Alikuwa amevaa jaketi mbili, moja kifuani na nyingine imefungwa kiunoni kama kikoi, na miwani yake ya jua bado ilikuwa usoni.

Kitindamimba alijiuma midomo ya juu na ya chini kwa pamoja ili asicheke.

"Mama!" akaita bibi harusi. "Tulidhani umetuuza!"

Wakawavuta ndani, bibi harusi kwanza, kwa sababu alisema mumewe hatashuka sandukuni mpaka boti imguse. Ndugu wanne wakawafunika kwa mikeka na taulo na magauni. Mama Pacha akazima mashine, akasimama mbele yao.

"Nilisema jua likiwa utosini. Nimechelewa. Sina kisingizio, nilijisahau, na ningeweza kuwaletea msiba. Nawaomba mnisamehe, wanangu."

Bwana harusi hakumtazama. Taya zilikuwa zimekaza. "Nitakwenda kuwashtaki hotelini," akasema.

"Una haki."

"Nitawaeleza kila kitu."

"Kila kitu?" akauliza mkewe. "Na lile pia?"

"Lile liache."

"Siliachi. Mama, usihangaike naye, hasira hizi si zako. Ana hasira kwa sababu siri imetoka. Mume wangu hajui kuogelea! Tangu tunachumbiana ananiambia alikuwa kwenye timu ya kuogelea ya chuo. Maji yalipofika magotini leo ndiyo ananishika mkono ananiambia, mke wangu, kuna jambo sijakwambia."

"Timu nilikuwemo," akasema bwana harusi, akiinamia vidole vyake vya miguu.

"Ulikuwa unafanya nini kwenye timu?"

Bwana harusi akafungua mkanda wa jaketi ya kiunoni, akaufunga tena.

"Nilikuwa nashika saa."

Kitindamimba hakuweza tena. Kicheko kilimtoka kama kifuniko cha soda, kikawaambukiza dada zake, kikamfikia bibi harusi ambaye alicheka mpaka akakalia sanduku la barafu. Bwana harusi alijitahidi. Alikaza uso, akatazama baharini, mabega yakaanza kumtikisika, na mwisho akaivua miwani akajifuta macho, hajui kama anacheka au anamaliza woga wa mchana kutwa.

"Siku tano zote," bibi harusi akasema alipopata pumzi, "tumekuwa tukiongea kwa adabu kama tuko kwa wakwe. Unapenda chai? Ndiyo, asante, na wewe? Leo juu ya sanduku hili ndiyo nimemjua. Ameniambia mpaka namna anavyoogopa popo."

"Jamani!"

Dada Mkubwa, aliyekuwa amekaa safari hii pembeni kabisa ya boti, mkono mmoja unaning'inia unachezea maji, akamwita kijana.

"Sogea hapa, mwanangu. Mimi ni mwanafunzi wa leo. Nina miaka sabini. Wewe una mingapi?"

"Ishirini na tisa."

"Basi hujachelewa kitu. Kesho asubuhi njoo pale ufukweni karibu na gati, nitakuonyesha kuelea. Si kazi, ni kulala tu."

Mama Pacha akataka kusema kwamba kesho hakuna aliyempangia somo lolote. Akaona ni bora awashe mashine.

Gatini Hakuna Shida alikuwa akiwangoja, ameshika kamba tangu walipoonekana kwa mbali. Wateja walipokwisha kushuka, alimsaidia mkewe kufunga boti, na akaona fundo la kwanza limemshinda, la pili limemshinda. Akaichukua kamba mkononi mwa mkewe polepole.

"Waligombana? Kwa ajili yangu?"

"Asubuhi ilikuwa kwa ajili yako. Mchana kwa ajili yangu."

Akamweleza yote, hakuficha hata kipande. Mumewe alimsikiliza akiwa amechuchumaa pembeni ya gati. Hakumwambia hakuna shida. Aliingia kibandani, akatoka na kiti na maji ya uvuguvugu, akamwosha chumvi miguuni, na hapo ndipo Mama Pacha alipopata nafasi ya kulia kidogo. Jioni ile walikubaliana mambo mawili: wageni wote wa kukodi watapita kwa Mama Pacha, na yeye akishusha mtu mahali hataingia majini mpaka amemrudisha. Bwana harusi hotelini hakwenda kushtaki. Mkewe alisema alipotea njia, akajikuta jikoni anaomba boya la mpira la kuogelea, wakamcheka.

Asubuhi ya pili wanafunzi wawili walikuwa ufukweni kabla Mama Pacha hajafungua kibanda. Dada Mkubwa alikwisha pata nguo ya kuogelea ya bluu, ameivaa chini ya fulana ya Kitindamimba. Kijana alileta jaketi zote mbili alizoshuka nazo jana. Mama Pacha akamnyang'anya moja, na siku ya tatu akamnyang'anya ya pili. Wakawa wanakuja kila siku kabla ya safari za wageni. Bibi harusi alikaa mchangani na chai yake anampigia mumewe makofi. Wadogo watatu walikaa naye, wanampigia makofi dada yao, na ushindani ukawa mkali hata wavuvi wa ndoano waliokaa gatini wakaanza kuchagua upande.

"Unapiga maji kama unamfukuza mwizi," Dada Mkubwa alimwambia kijana, akimpita kwa mgongo taratibu. "Yabembeleze."

"Bibi, wewe unaelea tu. Mimi naogelea."

"Unaogelea kwenda wapi? Uko palepale tangu tuanze."

Wadogo zake likizo ikaisha, wakafunga mizigo. Dada Mkubwa akawasindikiza mpaka stendi ya basi, akawabusu wote, akawaambia yeye anabaki wiki moja zaidi. Kitindamimba akauliza, "Na nani?" Akajibu, "Peke yangu," na alivyolitamka, lilisikika kama jina la hoteli ya kifahari. Wiki hiyo aliikodi boti siku moja, nzima, ya faragha, hakuna mwingine ila yeye na nahodha. Walikwenda kule kisiwani. Hakuongea sana. Alielea mpaka ngozi ya vidole ikajikunja, kisha wakala embe, wakarudi.

Bwana harusi, siku yake ya mwisho, aliogelea kutoka nguzo ya kwanza ya gati mpaka kwenye boti. Si mbali, mtu akirusha ndala inafika. Alimeza maji ya kutosha kisima kidogo, akashika ubavu wa boti kama aliyevuka bahari, na mkewe aliruka na nguo zake zote kwenda kumkumbatia, karibu amzamishe.

Mvua zilipoanza na wageni wakapungua, Mama Pacha alikuwa chumbani anashona turubai jipya simu ilipolia. Akaijua ile sauti kabla haijajitaja.

"Hapa mjini kwetu kuna bwawa," akasema Dada Mkubwa. "La kulipia, la watu wote. Nimejiandikisha. Wameniweka darasa la watoto wa miaka sita."

"Wewe! Na watoto?"

"Ni wazuri. Wamenipa kofia ya mpira, inaniminya masikio. Mwalimu ananiita bibi, mimi namwita mwalimu. Jana ametuambia turuke kwenye kina kirefu, mmoja mmoja."

"Ukaogopa?"

"Sana. Lakini yule mtoto aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni aliniambia, bibi, kama huruki, pisha."

"Ukapisha?"

"Nimpishe mtoto wa miaka sita? Niliruka."